Wino wa Kidole Gumba

Darasa lilijaa hadi dirishani, na hilo ndilo lililomtia shaka Bi Mkwizu, afisa takwimu wa elimu. Asubuhi ile, katika shule ya jirani, alikuwa amempaka wino kwenye kidole gumba kila mtoto aliyemhesabu, ili asihesabiwe mara mbili.

“Hawa wote ni wako, Mwalimu?”

“Wangu kabisa, mama,” alijibu mwalimu mkuu huku akijifuta jasho. “Si mlisema tukipungua mnatufungia shule?”

“Haya, wanyooshe mikono.”

Waliokaa mbele walinyoosha. Wa nyuma walimtazama mwalimu, mikono mifukoni. Ni msichana mmoja tu kati yao aliyenyoosha wake. Kidole gumba chake hakikuwa na wino. Kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga hadi kikachubuka.

Bi Mkwizu alisimama na kichupa cha wino mkononi, hajakifungua.