Gari la Mhando

Gari la Mhando lilikaa kwenye gereji ya mwanangu Mkude tangu masika, likiziba nafasi ya kazi. Mhando alishanunua jipya, akaacha kupokea simu zetu. Na siku hizi huwezi kulikata gari kuwa chuma chakavu mpaka mtu linayemwamini aliambie kwamba mwenyewe harudi.

"Mama, ongea nalo wewe," Mkude aliniomba. "Mimi nikisogea na spana tu, linajifunga milango."

Mimi ndiye niliyekuwa nikilisalimia kila asubuhi nikileta uji. Mvua ikinikuta pale, lilinifungulia mlango nijikinge.

"Bibi, Mhando anakuja leo?" likaniuliza.

Nilishindwa kuliambia kwamba limetupwa. Nikasema, "Mjukuu wangu, Mhando amefariki."

Likasema, "Pole sana, Bibi. Ngoja niwaarifu wenzangu wa nyumbani kwake na wa mtaa huu." Kisha taa zake zikazimika, na Mkude akaanza kufungua magurudumu.

Jioni Mhando akaja kugonga kwetu; nikamwona dirishani, amelowa chapachapa.

"Mama Mkude, nisaidie! Mlango wangu umekataa kunifungulia, unatangaza msiba wangu mwenyewe! Gari jipya halinijui, simu haiwaki."

"Ingia, baba, uote moto," nikamwambia. Nikavuta kitasa, hakikusogea. Nikauamuru mlango ufunguke.

"Nimfungulie nani, Bibi?" mlango wetu ukauliza kwa upole. "Hapo nje hakuna mtu."