Punje ya Kahawa Kwenye Gunia la Bati

Kemilembe alikuwa ameshika lakiri yenye namba, tayari kulifunga gunia la mchanga wa madini ya bati, alipoona punje ya kahawa na ganda lake imelala kati ya vijiwe vyeusi.

Lakiri ile ndiyo kiapo cha wachimbaji wa pale kwa wanunuzi wa ng'ambo: mzigo huu umetoka shimo letu lenye leseni, si kwenye mibuni kando ya chemchemi, ambako kuchimba kumekatazwa. Uongo ukigundulika shimo linafungwa, na wanawake ishirini waosha mchanga wanarudi nyumbani na makarai yao. Na kilimani pale shimoni hauoti mbuni hata mmoja.

"Shemeji, shimo letu limeanza kuzaa kahawa?"

Mwenye gunia, kaka wa mumewe, akacheka. "Acha utani wako! Hiyo ni ya kutafuna, imenidondoka mfukoni."

Mkaguzi, aliyekuwa mgeni hapa Kyerwa, akaitikia kwa kichwa. Asubuhi tu alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. "Funga, mama."

Ingeweza kuwa kweli. Lakini kahawa ya kutafuna huchemshwa kwanza na majani ya kunukia, ndipo ianikwe. Kemilembe akaipangusa punje kwa khanga, akaitia kinywani.

Shemeji akaacha kucheka.

Akaitafuna polepole, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Kisha akaitema kiganjani, akamrudishia mkaguzi lakiri yake.

"Shemeji," alisema, "hii haijawahi kuona chungu."