Mwenyeji Wenu ni Nani?

Kitendawili! Mkisema tega, natega: kwangu, lakini napiga hodi.

Msikimbilie kujibu. Mtazameni kwanza Verdell Mabry, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, ameshika usukani kwa mikono miwili mbele ya geti, na gari lake halisogei.

Juu ya geti pameandikwa kwa herufi za dhahabu: SHAMBA LA WETHERALL. Ni mtaa wa matajiri, majumba na viwanja vya gofu, lakini wenyewe wameona jina la enzi za utumwa ndilo tamu, wakalirudisha.

"Babu Prince alipigana vita ili atoke humu," alisema Cephas, mdogo wake, aliyeketi pembeni na kikapu mapajani. "Sisi tunapanga foleni tuingie."

"Nyamaza wewe. Anakuja."

Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo, uso wa upole, karatasi mkononi. "Habari za asubuhi, bibi. Mwenyeji wenu ni nani?"

"Tunakwenda makaburini," alijibu Verdell. "Kule mwisho, ufukweni. Wazee wetu wamelala kule."

"Makaburini ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Leo ni ya tatu. Siku nyingine zote, mgeni lazima awe na mwenyeji anayekaa humu ndani. Nipe jina tu, nakuinulia kizuizi sasa hivi."

"Wenyeji ndio sisi," alisema Cephas.

"Cephas!"

Verdell alimkata jicho. Kulikuwa na neno moja ambalo ndugu wote walikuwa wameapa kutolitamka hapo getini. Mwaka jana binamu zake walilitamka, wakaambiwa walete barua ya kamati ya mtaa, na kamati ingekaa baada ya siku kumi. Mjomba Hosea hajaingia humo mpaka leo. Yuko mjini, katikati ya watu asiowajua.

Mama hawezi kungoja siku kumi.

"Dada yangu," Verdell alimwambia mlinzi, "mama yetu ana miaka tisini na mmoja. Yuko gari la nyuma. Kitu kimoja tu alichoniomba: Verdell, usije ukaniacha nje ya geti. Nikamwahidi. Nirudi naye nyumbani nimwambie nini?"

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye kusema, mngekuwa mmeshapita. Mimi nafuata karatasi tu."

Karatasi. Verdell alitamani kucheka. Babu Prince, babu wa babu yake, alitoroka humu usiku wa mvua, akavaa koti la buluu la jeshi lililopigania kukomesha utumwa, akapigana na waliomwita mali yao. Vita vilipokwisha, alinunua ekari kumi na tisa za shamba lilelile alikochapwa viboko. Akafa bila kuandika wasia. Mtu aliyewahi kuandikwa kwenye orodha moja na ng'ombe angeiamini vipi kalamu ya karani? Basi ardhi ikawa ya wote, wana, wajukuu na vitukuu, ya kila mtu na ya hakuna mtu. Akatokea mmoja aliyehamia kaskazini, akauza sehemu yake; mnunuzi akashitaki apate fungu lake, na mahakama ikainadi ardhi yote. Makaburi tu ndiyo yaliyokosa mnunuzi.

Mlinzi aliinama akachungulia kikapuni. Ndani mlikuwa na kikombe cha udongo chenye ufa, miwani, chupa ya dawa na saa ya mezani.

"Hiyo saa imesimama," alisema. "Saa kumi na dakika saba."

"Ni ya mama," alisema Cephas. "Bila yeye, haina kazi."

"Na miwani yake, mbona mmemnyang'anya?"

"Leo anayapumzisha macho."

Kwenye njia ya pili, ya wenye nyumba, lilikuja gari jeupe. Mzee mwenye kofia ya gofu hakusimama hata kidogo. Kizuizi kilijiinua chenyewe, kikamsubiri, kikashuka.

"Mkimbilie yule awe mwenyeji wetu," alisema Cephas. "Labda babu yake alimpa malazi babu yetu. Bure kabisa, na viboko juu."

Safari hii Verdell hakumkaripia. Alipiga simu ofisi ya mtaa. Ikaita, ikaita, halafu sauti ya mashine ikamshukuru kwa kupiga na kumkumbusha kuwa ofisi hufunguliwa Jumatatu. Akapiga tena. Mashine ikamshukuru tena.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Kwenye kioo aliona magari ya ndugu zake yamejipanga nyuma, wanawake wamevaa nguo nyeupe, wanajipepea kwa kofia. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyepiga honi. Walikuwa wamezoea kungoja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Bibi," alisema mlinzi, na sauti yake sasa ilikuwa karibu kuomba, "nisaidie nikusaidie. Bila jina, itabidi ugeuze gari. Huyo anayekaa humu, mnayemwendea, ni nani?"

Alishika kalamu, akangoja. Cephas alimtazama dada yake, akatikisa kichwa: usiseme.

Verdell alizima injini. Mikono yake iliteleza kutoka kwenye usukani, ikaanguka mapajani.

"Andika Ernestine Mabry," alisema. "Yuko kwenye lile gari jeusi refu, chini ya maua. Vyombo vyake ndivyo hivi kikapuni. Anahamia leo."