Sombe ya Alhamisi ya Sita

Mchi ulishuka kinuni taratibu, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Kulikuwa hakujapambazuka. Sidonie alikuwa amekunja gunia na kuliweka chini ya kinu ili asimwamshe jirani yake Nyirabizimana, mwenye kichanga. Sombe haitaki haraka. Majani ya muhogo yakitwangwa vibaya, hata mawese hayayaokoi.

Ilikuwa Alhamisi ya sita, ya mwisho.

Topista, ofisa wa mpango wa waliotoka vitani, kutoka Mbarara, alieleza yote siku ya kwanza, amesimama hapo hapo uani, katika makazi ya wakimbizi ya Juru, kofia ya pikipiki kichwani.

"Alhamisi sita. Mnakula pamoja, mnaongea. Mwisho, ripoti. Mtu amebadilika kweli, mimi napatia yeye karatasi, anaenda kukaa popote anataka. Mtu anajifanya, narudi naye kambi ya jeshi. Na mimi nimeona hao wa kujifanya, bambi. Swali halijaisha, jibu limefika."

Akawasha pikipiki, akamwacha Parfait na daftari lake.

Parfait alikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu wa maji walimchukua milimani Fizi, Kongo, akiwa na kumi na mmoja, wakamnyunyizia, wakamwambia risasi zitageuka matone. Kila kikosi kilikuwa na mtu wake wa kunyunyiza, aliyeitwa Mama wa Maji. Maji hayo yalikuwa na miiko, na mkubwa kuliko yote ulikuwa sombe. Ukila sombe, hufi wewe; wanakufa wenzako waliobaki vitani. Kwa hiyo hakuna aliyeigusa, hata njaa ikimtoa macho.

Ndiyo maana Sidonie alipika sombe kila Alhamisi.

Siku ya kwanza aliitenga mbele ya kijana, akatazama mikono yake. Parfait alikaa akielekea mlango, kama wakaavyo wote waliotoka msituni. Akamega bugali, akachovya, akala. Akaomba kuongezwa.

"Na wewe, Koko?" aliuliza, kama kijana wa kwao amwitavyo bibi.

"Mimi nilisha kuonja jikoni. Mupishi anashibaka na harufu."

Alhamisi ya pili jino lilimsumbua Sidonie. Ya tatu alikuwa amefunga kwa ajili ya wagonjwa wa kanisa. Alikuwa bibi kama bibi wengine: sahani yake ilijazwa mwisho, kisha ikavuka ua kwenda kwa Nyirabizimana, maana anayenyonyesha hula kwa ajili ya wawili.

Wema wa kijana aliuona. Parfait alitengeneza bawaba ya mlango bila kuombwa. Alinawa kabla ya kumpokea kichanga wa jirani. Aliazima nyundo kwa mzee Gasore, akairudisha siku hiyo hiyo. Mtu wa kujifanya, Sidonie aliwaza, hakumbuki kurudisha nyundo.

Alhamisi ya tano alimwuliza, "Mara ya kwanza kukula sombe, ilikuwa wapi?"

"Mbarara, Koko, ku hospitali. Nilitapika siku mbili. Si juu ya tumbo, ni juu ya woga. Nilikuwa nangojea habari ya wenzangu."

"Na balikufa?" Sidonie aliuliza haraka.

"Balikufa." Parfait alikwangua sufuria kwa kidole. "Lakini hata mbele, nikiwa sijakula bado, balikuwa banakufa tu."

Sidonie alisema moto unazimika, akaenda kuutazama. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Karatasi ile aliitaka itoke. Aliiombea kila usiku. Binti yake Eliane alikuwa Rugaaga, amejifungua mapacha, na Sidonie hajawaona. Alhamisi zikiisha angewaendea, na furushi la safari alikuwa ameshalifunga. Lakini kabla ya karatasi na kabla ya mapacha, alimwombea kwanza Déo, mjukuu wake wa kwanza, ambaye bado alikuwa milimani na watu wa maji.

Saa saba mchana Topista alifika, safari hii kwa gari. Alikataa kiti, akakubali maji ya kunywa. Sidonie alitenga sahani mbili mkekani. Parfait alimaliza yake.

"Haya," Topista alisema, akitoa kalamu. "Ripoti."

Sidonie alifuta mikono kwa kitenge, akajiweka sawa.

Topista alimgeukia kijana. "Parfait, sema wewe. Mama wa Maji amebadilika?"

Parfait alifungua daftari, akalifunga. Aliisukuma sahani ya pili polepole hadi ikagusa magoti ya bibi, akaweka kijiko juu yake.

"Koko, kula. Kijiko moja tu, Topista aone. Niandike muzuri, uende kwa mapacha."

Sidonie alikishika kijiko. Aliitazama sombe aliyoitwanga alfajiri, laini, inayong'aa mawese. Jogoo wa Gasore alipita uani, akadonoa, akaenda zake. Kijiko kikarudi sahanini bila sauti.

"Hii mupelekee Nyirabizimana," alisema, "ikiwa bado moto."

Akaingia ndani, akatoka na furushi, akapanda garini mwenyewe. Parfait alimfungia mlango, akaangalia kitenge chake kisibanwe. Wema huo nao Sidonie aliuona.

Alishusha kioo.

"Mutoto wangu, kule kambini Mbarara, utakuya kuniangalia tena Alhamisi?"