Jino la Kitasa

Ka-cha.

Kimya kidogo. Kisha tena: ka-cha.

Alfajiri, jikoni, fundi alikuwa ameketi gizani na kitasa cha mlango wa gari mapajani. Anaingiza bisibisi kinywani mwa kitasa, jino linaibana. Anavuta wenzo, jino linaiachia. Taa hakuiwasha. Kitasa husikilizwa, hakitazamwi, ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja wake, na sauti ya kitasa kizima ni moja, kavu. Hiki kilikuwa kizima. Miezi mitatu anakisikiliza, na kila siku ni kizima. Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza.

Gari lenyewe lilikuwa la kizamani, limemzidi umri, vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Jino la mlango wa abiria alilichonga mwenyewe kwa tupa, siku tatu nzima. "Mwenzangu kapata mke wa chuma," mkewe alimtania, enzi hizo bado anatania.

Kisha siku ile, kwenye mteremko, yeye macho barabarani, mlango ukafunguka na mkewe akaanguka. Siku zote mama alimpakata mtoto. Siku hiyo, bahati iliyoje, alikuwa amemketisha kiti cha nyuma. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Ila tangu hapo yule binti wa miaka mitano, aliyeitwa Kasuku kwa kupayuka kutwa, hakutamka neno.

Kitanda kililia chumba cha pili. Mama mkwe ameamka. Leo ndiyo anaondoka, na jana alisema wazi: "Kama ni mkono wako uliomuua mwanangu, Kasuku simwachi hapa."

Kosa lilikuwa lake, fundi hakuwa na shaka. Ameshindwa tu kuliona, basi atalitengeneza yeye mwenyewe. Akapapasa tupa mezani, akalisugua jino mara kumi. Akajaribu tena. Bisibisi ikachomoka yenyewe, bila sauti.

Taa ikawaka. Mama mkwe alisimama mlangoni, Kasuku kashika upindo wa gauni lake.

"Bado unakilea hicho chuma, baba?"

"Nimeliona kosa, mama." Akamnyooshea kitasa. "Jino ni fupi. Halishiki. Nililichonga vibaya."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, kama aliyepewa kitoto. Kidoleni alikuwa amevaa pete ya ndoa ya mwanawe, ile iliyokutwa juu ya kabati jioni ya siku ile.

"Kumbe kitu kidogo hivi," alisema. "Nilidhani nikijua nitakutukana. Wala sina nguvu. Haya, mjukuu wangu, vaa viatu. Tunakwenda kwangu."

Fundi aliinamisha kichwa. Viatu vilikuwa pale chini ya meza. Aliviokota, akapiga goti amvishe mwanawe kwa mara ya mwisho. Akalegeza kamba, akangoja mguu.

Kasuku hakutoa mguu. Alimtazama baba, akamtazama bibi. Kisha akanyoosha mkono kwenye kitasa, akakamata wenzo, akauvuta polepole hadi mwisho.

"Mama aliufungua mlango mwenyewe," alisema.