Kovu la Kiganjani

Kabaila Tibo alipiga magoti bila upanga wala glavu, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana wake mpya, Fulko, kama desturi ya kiapo ilivyotaka. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama. Fulko alikigeuza kiganja cha Tibo, akapitisha kidole juu ya kovu refu.

"Hili ulilipata wapi?"

Tibo aliinamisha uso. "Niliushika upanga uliokuwa unamwendea bwana wangu wa zamani."

"Upanga wa nani?"

"Wako, bwana."

Fulko akacheka, akaifumbata mikono ile. "Haya, niapie. Maneno yale yale uliyomwapia yeye."

Tibo aliyajua yote kwa moyo. Alipomaliza, Fulko alimwachia, lakini mikono ya Tibo ilibaki imeshikamana hewani, naye hakujua aiweke wapi.