Vumbi la Mama Nyumbu

Siku wanyama wa Bondeni waliposhindana mbio na wa Mlimani, Mama Nyumbu aliwaongoza mashabiki wa Bondeni kumtimulia vumbi Paa, mkimbiaji mgeni.

"Rudi kwenu ukalambe mawe," walimzomea.

Vumbi likatanda, likamziba macho mwana wa Mama Nyumbu, mkimbiaji wa Bondeni, naye akaelekea ukingoni mwa korongo. Paa, aliyekuwa akiongoza, akageuka akamsukuma mpaka njiani.

Mama Nyumbu akamfuata Paa. "Mbona umemwokoa mwanangu, nasi tumekuzomea?"

"Mama, mliozomea ni ninyi. Yeye alikuwa akikimbia nami tu."

Mama Nyumbu akashukuru hadi sauti ikamkauka. Kisha akawauliza wenzake nani anaujua wimbo wa Mlimani, wamshangilie Paa kwao. Hakuna aliyeujua. Paa akauanza, na Bondeni nzima ikasimama kuufuatisha, maneno ikiyakosea.